Sebule ya Mama Ikiwa Tupu

Yule kijana mwenye miwani alisimama mbele ya picha ya sebule ya mama yangu, akaweka mkono kifuani, akasema, "Dah! Sijawahi kufika hapa, ila napakumbuka." Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa nyuma yao na wanafunzi wangu wa darasa la sita, na nilitamani nimzabe kibao. Unapakumbukaje wewe? Ulikula ugali wa nani pale? Nani alikufukuza kwa kuingia na matope?

Ngoja nieleze kwa utaratibu, maana nikikasirika huwa naruka mambo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Singida Mjini, na kati ya masomo ninayofundisha ni sanaa. Msimu ule wa kiangazi, upepo ukiwa umeshaanza kutupiga mchanga machoni, alikuja binti mmoja mpiga picha kutoka Dar es Salaam. Alikuwa amezunguka mkoa wetu akipiga picha za mahali pasipo na watu. Alizichapisha kubwa kubwa, kila moja karibu saizi ya mlango, akazitundika kwenye ukumbi wa kukodi mjini. Shule zikaombwa zipeleke watoto wakaone. Mwalimu mkuu akanitazama mimi, nani mwingine.

Na nitasema kweli, picha za mwanzo nilizipenda. Kulikuwa na stendi ya mabasi alfajiri kabla ya gari la kwanza, viti vya saruji vitupu, hakuna mpiga debe wala muuza karanga. Kulikuwa na korido ya shule wakati wa likizo, madawati yamepandishwa juu ya mengine mpaka usawa wa dirisha. Kulikuwa na stoo ya asali huko Rungwa, warina asali wameshaingia porini, ndoo zimeachwa wazi na mwanga umelala sakafuni. Zote zilikuwa mahali pa kupita, mahali ambapo mtu hakai, anangoja kwenda kwingine. Na zote zilinisimamisha.

Sikuona ajabu. Likizo ya katikati ya mwaka huwa naenda shuleni kuchukua vitabu, na kila mara nikifika kwenye korido ile bila mtoto hata mmoja, nasimama. Vumbi la chaki lipo, harufu ya viatu vya raba ipo, kelele haipo. Unahisi kuna kitu umekichelewa, hujui ni kitu gani. Inaogopesha kidogo, na bado hutaki kuondoka. Mimi mwenyewe husimama pale mpaka mlinzi akohoe. Kwa hiyo simlaumu mtu kwa kupenda picha za namna ile. Naujua utamu wake, na ndiyo maana nilikasirika maradufu.

Maana picha ya nne ilikuwa sebule ya mama.

Nusu ya ukuta rangi ya mafuta ya bluu, nusu chokaa. Sakafu nyekundu. Dirisha la matofali ya matundu. Ukutani pembe nne nyeupe kuliko chokaa nyingine, pale ilipokuwa imetundikwa picha ya harusi ya baba na mama. Sakafuni alama za miguu ya kabati la vyombo. Chini ya dirisha mstari mweusi wa mafuta, pale baba alipokuwa akiegemeza magunia ya alizeti kila msimu na kila msimu wakigombana na mama kwa ajili hiyo. Mlango wa kwenda jikoni wazi, na ndani yake giza. Basi. Kiti hakuna, mkeka hakuna, hata kipande cha kanga mlangoni hakuna.

Nilidhani nimefananisha. Nyumba za kwetu Mwankoko za umri ule zilijengwa na mafundi walewale, na rangi ilinunuliwa duka moja. Nikasogea. Kwenye mlango wa jikoni, bawaba ya chini ilikuwa kipande cha tairi kilichopigiliwa misumari. Aliipigilia baba kwa mkono wake, nami nilikuwa nimemshikia taa.

Sasa sikiliza. Wakati kijana mwenye miwani anashika kifua, mwenye sebule alikuwa barazani kwangu, mguu wake juu ya kigoda. Mama alianguka uani kwake akimfukuza kuku, akavunjika mguu, nikamleta kwangu mjini ili awe karibu na hospitali. Alikaa kwangu akisubiri mguu ukae sawa. Mama yangu hakuwa anasubiri kitu kingine chochote duniani. Plasta ilipotolewa alianza mazoezi bila kuambiwa, na bakora yake, kutoka barazani mpaka getini na kurudi, akisonya kila hatua. Nikitoka kazini ananiuliza kwa Kinyaturu, maana mambo mazito hayasemi kwa Kiswahili, "Ni wiki hii narudi?" Namwambia, "Bado kidogo, mama." Anaguna. Ufunguo wa kabati lake la vyombo ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kanga, na kila alipobadilisha kanga aliuhamisha. Ufunguo wa nyumba tulikuwa tumempa kaka yangu mkubwa, awe anapita kuangalia.

Yule binti mpiga picha aliniona nimeganda, akaja mwenyewe. Mtoto mwenye adabu, sina la kumsingizia. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hii nyumba uliipata wapi?"

"Mwankoko. Nilikuwa napita, nikaona vijana wanamaliza kutoa vitu. Nikaomba ruhusa kwa mzee mmoja aliyekuwa na ufunguo. Mkarimu sana. Akaniambia kesho yake wanaingiza mzigo, kwa hiyo nina jioni ile tu."

Mkarimu! Ndiyo, kaka yangu ni mkarimu sana kwa vitu vya wenzake.

"Huwa napenda hapo katikati," akaendelea, macho yanamng'aa. "Maisha ya kwanza yameshaondoka, ya pili hayajaja. Chumba kinabaki chenyewe. Ni kama kinapumua."

"Kinapumua?"

"Ndiyo, mama."

"Na mwenyewe anapumua," nikamwambia. "Yuko kwangu. Asubuhi hii amekunywa uji na akalalamika kuwa hauna chumvi."

Nikawakusanya wanafunzi wangu kabla sijasema la kunifukuzisha kazi. Njiani mmoja akaniuliza kwa nini picha zile hazina watu. Nikamwambia anyamaze, atembee. Maskini, alikuwa ameuliza swali zuri kuliko watu wazima wote wa mle ndani.

Nilipowarudisha watoto shuleni nikapanda bodaboda mpaka Mwankoko. Nyumba ya mama ilikuwa na kufuli jipya. Nikachungulia kwenye matundu ya dirisha, nikaona magunia ya alizeti yamepangwa mpaka karibu na dari, sebule nzima. Nikapiga teke mlango. Haukusaidia kitu, uliniumiza kidole.

Jirani wa mama, rafiki yake tangu wakiwa maharusi, alinisikia akatoka. Nilitaka kumwamkia, lakini hakunipa nafasi. Aliweka mikono kichwani akaangua kilio. "Mwanangu! Mwanangu! Mbona mlimzika kimyakimya? Sisi tumewakosea nini?"

"Nani amezikwa?"

"Mama yako!"

Kwa dakika ile nilidhani kweli nimepigiwa simu sikusikia. Halafu akili ikarudi, nikaelewa.

Kwetu vitu vya ndani vya mtu havitolewi nje vikagawanywa mwenyewe akiwa hai. Hilo hufanyika baada ya mazishi, ukoo ukishakaa na matanga yakishaanuliwa. Huyu anachukua sufuria, yule blanketi, mwingine kigoda, kila mmoja abaki na kitu cha kumkumbuka marehemu. Ukiona kitanda cha mama mtu mzima kinabebwa kichwani mchana kweupe, na kinu kinaelekea kwa shangazi wa watoto, huulizi. Unajua. Wanawake wa pale walijua. Waliwauliza wapakiaji, wapakiaji wakajibu kwamba mtoto mkubwa ndiye ameagiza vitu vigawiwe ndugu. Nani angebisha tena? Walichanga unga, wakachanga maharage, wakafunga kuni, wakakaa kungoja mtu wa ukoo awaambie msiba umewekwa wapi. Mtu hakuja. Wakaona tumewadharau.

"Yu hai, mama," nikamwambia. "Yuko kwangu. Anatembea kwa bakora."

Hakuamini. Alinishika mikono yote miwili, akanitazama usoni kama anatafuta uongo, akaniuliza tena. Kisha akacheka. Kisha akalia upya. Kisha akakasirika kuliko mimi, jambo ambalo si rahisi. Alimtukana kaka yangu kwa Kinyaturu matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa, na baadhi nilikuwa siyajui.

Nikarudi mjini moja kwa moja mpaka dukani kwa kaka. Anauza vifaa vya ujenzi. Ni kifungua mimba wetu, na tangu baba afariki amejipa cheo cha baba bila kufanya kazi yake hata moja. Alikuwa nyuma ya kaunta anakunywa chai.

"Vitu vya mama viko wapi?"

"Shikamoo kwanza," akasema.

Na hapo alikuwa na haki. Uwe na hasira kiasi gani, kaka mkubwa unamwamkia. "Shikamoo," nikasema, meno yamebana. "Vitu vya mama viko wapi?"

"Marahaba. Viko salama. Kabati nimempa mkwe wangu. Kitanda kiko kwa shangazi, na kinu. Vingine vimegawiwa ndugu, hakuna hata kimoja kilichoenda kwa mgeni."

"Umegawa vitu vya mtu aliye hai?"

"Nyumba ikikaa bure inaliwa na mchwa, mdogo wangu. Mfanyabiashara wa alizeti alikuwa anatafuta ghala, nikaona heri itumike. Na tuambiane ukweli, sisi ni watu wazima. Unadhani mama atarudi kukaa peke yake kule? Kwa umri ule? Kwa mguu ule?"

"Ulimuuliza?"

Akakoroga chai iliyokuwa imeshakorogwa. "Vitu vingine havihitaji kuuliza."

Basi alikuwa amekwisha kummaliza mama kichwani mwake, akamgawa, akamfunga na kufuli. Nilikuwa natafuta neno la kumwambia, neno zito, na kabla sijalipata akatoa simu mfukoni. Uso wake ukalainika.

"Lakini umeiona ile picha?" akaniuliza. "Yule binti alinitumia. Nimeiweka kwenye grupu la ukoo. Mimi mwenyewe nilipoitazama, machozi yalinilenga. Nikakumbuka utoto wetu wote."

Akanionyesha. Mimi nilishajitoa kwenye grupu lile kwa ugomvi mwingine, kwa hiyo maoni ya ndugu sikuwa nimeyaona. Ndugu wa Iramba, wa Manyoni, wa mpaka Mwanza walikuwa wameandika chini ya picha: jamani nyumbani, siku zimekwenda, nasikia harufu ya jikoni kwa bibi, moyo umeniuma. Mioyo myekundu, mikono ya kuomba, nyuso za machozi. Hapakuwa na hata mmoja aliyeandika: vitu viko wapi? Binamu yetu, mwenye blanketi la mama kwake, alikuwa ameandika kwamba angetoa chochote aingie sebule ile mara moja tu.

Nilimwambia kaka yangu mambo mengi pale dukani. Wateja walisogea nje. Nilimwambia ametoa vitu kwa mikono yake, kisha akasimama kulia kwamba havipo. Nilimwambia mnyang'anyi wa kawaida angalau haombi kitambaa cha machozi. Nilimwambia nataka kila kijiko kirudi. Akajibu kwa sauti ya taratibu, ile anayoitumia akitaka nionekane kichaa, kwamba ataitisha kikao cha familia.

Nilirudi nyumbani nimepanga kutomwambia mama kwanza. Nilitaka niwazungukie ndugu, nikusanye vitu, nitoe yale magunia, ndipo mama arudi kwake akute kila kitu mahali pake. Jioni ile alikuwa amefika getini na kurudi bila kupumzika. Alikuwa anajisifu. Aliniambia mwezi huu atalala Mwankoko, hata ikibidi atambae. Nikasema, "Haya, mama," nikaingia ndani kupika, nikawa nakata vitunguu vingi kuliko vilivyotakiwa.

Mipango yangu haikufika mbali. Asubuhi, nikiwa natafuta viatu vya kwenda kazini, nikasikia vigelegele getini. Alikuwa yule jirani wa Mwankoko. Alikuja na kuku jike chini ya kwapa na mfuko wa unga kichwani, akamvamia mama barazani, wakakumbatiana karibu waanguke wote wawili.

"Umefufuka!" anapiga kelele. "Mwenzangu, umefufuka!"

"Nilikufa lini?"

Akaambiwa yote. Nilijaribu kukatiza, lakini jirani yule akianza hasimami. Alieleza kitanda kilivyobebwa, kinu kilivyokwenda, kuni zilivyofungwa. Akapiga mfuko wa unga kwa kiganja. "Na huu ndio unga wako. Wenzako wamesema hawawezi kuurudisha majumbani, umeshachangwa kwa jina lako."

Mama alicheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu, kanga ikamtoka begani. "Wameniletea unga wa msiba wangu! Upikeni basi, nione kama walichanga mzuri." Na ulipikwa kweli, na yule kuku akachinjwa, nikapiga simu shuleni kuomba ruhusa. Mama alikula vizuri. Aliponawa mikono, akafungua pindo la kanga, akatoa ule ufunguo mdogo, akauweka juu ya meza.

"Kabati liko kwa nani?"

Jirani akanitazama. Nikamwambia. Akauliza kitanda, nikamwambia. Akauliza picha ya harusi, nikasema sijui, na kweli nilikuwa sijui. Nikamweleza na ile ya ukumbini, ndugu wanavyoililia kwenye grupu. Hakulia. Mama hupauka midomo akiwa na hasira, na hilo nimerithi. Akasema, "Nipelekeni niione hiyo picha wanayoililia."

Tulikwenda kwa bajaji, watatu. Ukumbini palikuwa na watu wachache, vijana wengi wao, wanatembea polepole na kuongea kwa sauti ndogo kama wamo kanisani. Mama hakutazama stendi, hakutazama korido. Alikwenda na bakora yake moja kwa moja mpaka mbele ya sebule yake, akasimama. Yule binti mpiga picha alinitambua, akaelewa mama ni nani. Akaja akapiga goti kabisa. "Shikamoo, bibi. Naomba unisamehe, sikujua."

"Marahaba, mwanangu. Inuka." Mama hakuondoa macho ukutani. "Umepapiga vizuri. Ulipokuwa mle ndani ulisikia nini?"

Binti akafikiri. Nadhani aliulizwa swali hilo mara nyingi, maana jibu alikuwa nalo. "Utulivu, bibi. Kama kuna mtu ameondoka sasa hivi, na ukisubiri kidogo atarudi."

"Na ulimsubiri?"

Msichana mmoja aliyekuwa kando, hatumjui hatujuani, alikuwa anafuta macho. Akamwambia mama kwa upole, "Bibi, hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Inanipa hamu ya kwenda mahali, sijui wapi."

"Mimi najua wapi," mama akamjibu.

Hapo ndipo yule binti, kwa nia njema kabisa, Mungu anisamehe, akaomba ampige mama picha akiwa amesimama mbele ya ile picha. Nikalipuka. Nilimuuliza kama hakushiba. Nilimuuliza kama anataka kutuchapisha na sisi saizi ya mlango, watu waje watushikie vifua, kisha warudi kwao walale kwenye vitanda vyao. Sauti yangu ilirudi kutoka dari la ukumbi ule, na vijana wote wakageuka. Binti akaishusha kamera yake. Mama akanigusa mkono kwa bakora. "Mwache mtoto. Yeye alikuta mlango wazi. Mpigie kaka yako simu, aje Mwankoko atoe takataka zake."

Kaka alikuja. Sijui alikuja kwa uoga au kwa aibu, lakini tulipofika alikuwa ameshafungua kufuli, amevua koti, na wapakiaji wawili wanatoa magunia na kuyapakia kwenye guta la matairi matatu. Wanawake wa Mwankoko walikuwa wamejaa uani. Walipomwona mama anashuka kwenye bajaji walipiga vigelegele, halafu wakanyamaza, maana hawakujua kama shughuli ile ni ya furaha ama ya nini. Mama aliwasalimu mmoja mmoja. Akamshukuru kila mmoja kwa unga. Akavuka uani taratibu, kila mtu ananyoosha mkono kumsaidia, yeye anaukwepa, mpaka kizingitini.

Akasimama. Akagonga fremu ya mlango kwa bakora.

"Hodi," akasema.

Nilidhani anatania. Maisha yangu yote sijawahi kumsikia mama akipiga hodi kwenye nyumba ile. Ndani kaka alikuwa ameinama na gunia, ametupa mgongo, jasho linamtoka. Mdomo wake ulijibu kabla kichwa hakijafika.

"Karibu."

Hata wapakiaji walisimama. Kaka akageuka polepole na gunia lake, akamwona aliyepiga hodi ni nani.

"Asante," mama akamwambia. "Asante kwa kunikaribisha kwangu."

Kaka aliliachia gunia likapasuka, alizeti ikatiririka sakafu nzima mpaka miguuni kwa mama. Akaanza kusema mama nisamehe, mama nilidhani, mama mimi nilikuwa nafikiria usalama wako. Mama alimpita. Alikanyaga alizeti ile kwa uangalifu, akaingia mpaka katikati ya chumba, akazunguka na bakora yake akitazama kila ukuta. Akatafuta pa kukaa. Hapakuwepo. Jirani akakimbia kwake akaleta kigoda, mama akakaa, mguu mbovu ameunyoosha mbele, akasema, "Endeleeni kutoa."

Wakatoa. Kaka mwenyewe alifagia. Jua lilipoanza kushuka nyuma ya mawe makubwa ya kule juu, chumba kilikuwa kitupu tena, sawasawa na kwenye picha, ukiacha mama katikati yake. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nadhani palepale binti yule aliposimama na kamera. Nikamhurumia mama. Nikamwonea uchungu, kisha nikaanza kuhesabu matatizo, kama kawaida yangu.

"Mama, tumewaona wenzako, kaka ametoa magunia. Twende sasa. Nitakwenda mwenyewe kwa shangazi, nitakwenda kwa kila mtu, vitu vitarudi. Ndipo tutakuleta."

"Kaniletee blanketi. Leo nalala hapa."

"Utalala juu ya nini? Kitanda hakuna. Choo kiko nje, na ule mguu. Maji nani atakuchotea? Mama, si nyumba ya kukaa mtu hii kwa sasa. Tusubiri kidogo tu, mpaka..."

Nilisema vile kwa upendo. Nilikuwa na hoja, na hoja zote zilikuwa za kweli. Mama aliniacha nikamaliza. Kisha akanitazama, mimi, niliyempigania tangu jana mpaka sauti ikakauka, akanitazama vilevile alivyokuwa amemtazama kaka.

"Na wewe," akasema kwa Kinyaturu. "Ninyi wote mnapapenda pakiwa patupu."

Nilichukua bodaboda, nikaenda kuleta blanketi.